Siku Bi Kikohozi Alipowahi

Treni ya saa moja asubuhi iliondoka saa tatu. Jambo hilo halikuwa siri wala tatizo. Lilijulikana tu, kama inavyojulikana kwamba jua huchomoza mashariki na shemeji huja wakati wa kula. Ratiba iliyopakwa rangi kwenye ukuta wa kituo ilisema saa moja kamili, na ilikuwa imesema hivyo tangu ukuta ule ulipokuwa mweupe. Watu waliipenda ratiba yao. Waliisoma, wakajumlisha saa mbili kichwani, wakarudi nyumbani kunywa chai.

Chanzo cha yote alikuwa Bi Kikohozi, kichwa cha treni pekee cha kampuni ile. Starta yake ilikufa kabla baadhi ya abiria hawajazaliwa, kwa hiyo kila asubuhi aliachiwa ateremke kwenye mteremko wa karakana hadi injini ishike. Asiposhika, alivutwa tena juu kwa winchi ya mkono, akabembelezwa, akaachiwa tena. Siku nyingine mara mbili, siku nyingine mara saba. Akishashika, alikohoa moshi mweusi, mji mzima ukaanua nguo, safari ikaanza.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo kiasi cha kuweza kufanya mkutano mkuu ndani ya choo. Alikuwepo Shangazi, ambaye ni meneja, muuza tiketi na mshika funguo. Alikuwepo Mjomba, dereva na fundi. Na alikuwepo Filimbi, kondakta, binti wa miaka ishirini na mitatu, aliyerithi filimbi ya marehemu babu yake na jina vilevile. Shangazi wa upande wa baba na Mjomba wa upande wa mama hawakupatana tangu siku ya harusi ya wazazi wake. Mungu ana utani wake, akawafunga kwenye reli moja.

Filimbi hakujua maisha mengine. Aliwahi kwenda kufanya kazi dukani kwa wiki moja, akafukuzwa siku ya nne kwa kumpulizia mteja filimbi na kumwamuru asogee mbali na ukingo wa kaunta.

Basi barua ilipokuja na mhuri wa Mamlaka ya Reli, aliisoma mara tatu, kila mara akitumaini kwamba herufi zitamhurumia. Mkaguzi angesafiri nao tarehe kumi na nne. Treni iondoke saa moja kamili. Ifike kituo cha mwisho saa mbili na nusu, na ikichelewa, isizidi dakika kumi. Na pale mwisho washuke abiria wasiopungua hamsini. Likikosekana moja tu, leseni inafutwa na reli zinang'olewa.

"Zinang'olewa?" Mjomba aliuliza, akishika shavu kama mtu aliyetajiwa jino.

"Ndivyo walivyoandika," alisema Shangazi. "Sasa sikilizeni. Wewe, mzee wa grisi, injini ni yako. Mimi rangi na usafi wa kituo. Filimbi, abiria ni wako."

"Abiria ni wangu," Filimbi aliitikia, akapiga saluti.

Wiki mbili hawakupumzika. Mjomba alibadilisha chujio la mafuta, akasafisha pampu kwa mswaki wake mwenyewe, akawa anamnong'oneza Bi Kikohozi maneno ambayo mkewe hakuyasikia tangu uchumba. Shangazi alipaka mabehewa mawili rangi ya bluu, pamoja na kilemba chake na nusu ya paka wa kituo. Filimbi, kwa ajili ya abiria, alishona viti, akalainisha madirisha, akahamisha kuku aliyekuwa analalia mayai kwenye behewa la pili. Kila alichokiona kinamhusu abiria alikitengeneza.

Tarehe kumi na nne ikafika. Mkaguzi alikuja mapema, mwembamba kama rula, ana saa ya kupimia muda shingoni na mkoba uliojaa fomu. Alisalimia kwa kichwa. Hakucheka. Inaonekana kwao kucheka kulihitaji kibali.

Saa moja kasoro dakika kumi Mjomba alimwachia Bi Kikohozi kwenye mteremko. Akashika. Mara ya kwanza! Bila kikohozi, bila moshi, akanguruma kama paka aliyeshiba. Mjomba alitoa kichwa dirishani, machozi yakimlengalenga. "Mmemsikia? Mmemsikia mke wangu?"

Saa moja kamili, mshale juu ya alama, Filimbi alipuliza filimbi, Mjomba akapiga honi ndefu, na treni ikaondoka. Ikaondoka! Shangazi alikuwa jukwaani anapiga makofi na vigelegele. Filimbi, akining'inia mlangoni kwa furaha, aligeuka kuona nani mwingine anapiga makofi.

Hakukuwa na mtu.

Jukwaa lilikuwa tupu kama daftari la siku ya kwanza ya shule. Filimbi alikimbia behewa la kwanza: mkaguzi peke yake. Akakimbia la pili. Kule alikaa mwanamume mmoja asiyemjua, amekumbatia magodoro matatu yaliyokunjwa na kufungwa kamba.

"Wewe nani?"

"Muuza magodoro, dada. Mgeni hapa. Nimeona ratiba ukutani inasema saa moja."

"Ukaiamini?"

"Si ratiba?"

Filimbi alikaa chini. Wote watatu walikuwa wamehangaika wiki mbili ili treni iwahi, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kuwaambia watu. Watu wote wa mji ule, kwa saa hiyo, walikuwa wanaigusa chai kwa ncha ya ulimi kuona kama imepoa.

Simu ikalia mfukoni.

"Weee Filimbi! Abiria wako wapi?"

"Shangazi, si wewe uliyekuwa kituoni?"

"Mimi nilikuwa natazama saa! Abiria ni wako, ulipiga saluti hapa mbele yangu!"

Ila honi watu wa mji walikuwa wameisikia. Reli ilipita nyuma ya nyumba za watu, na Filimbi aliona madirisha yakifunguka moja baada ya jingine. Kinyozi alitoka na wembe mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa upande mmoja. Mwalimu wa hesabu alitoka na mswaki mdomoni, povu hadi kidevuni.

"Hiyo ni ya jana au ya leo?" alipiga kelele Mwalimu.

"Ya leo!"

"Muongo!"

"Haki ya Mungu, ya leo!"

Mwalimu alitema povu, akaanza kukimbia. Nyuma yake kinyozi, na nyuma ya kinyozi yule mteja, aliyekataa kuachana na wembe uliokuwa na deni la nusu nyingine ya kichwa chake. Mama Nyanya, ambaye hukwea treni kila siku na matenga mawili, alitokea uchochoroni akiyaendesha kwenye toroli kwa kasi ambayo ingemletea faini mtu mwenye gari. Bi Kikohozi, hata akiwa mzima, hakuwa na mbio za kutisha. Baada ya dakika mbili umati ulikuwa unakimbia sambamba na behewa, watu wanaongea na kondakta wao dirishani bila hata kuhema.

"Filimbi mwanangu, nifungulie!" alisema Mama Nyanya.

Mkaguzi alitokea nyuma ya bega la Filimbi. "Kupanda treni inayotembea ni kosa. Akipanda mmoja, ukaguzi umeishia hapo."

Ndipo ikawa kwamba Filimbi, anayehitaji abiria kuliko pumzi, alisimama mlangoni akiwafukuza kwa bendera ya kijani. "Msipande! Rudi nyuma wewe! Mwalimu, ondoa mguu!"

"Umerukwa na akili?" Mwalimu alifoka. "Basi simamisheni!"

"Tukisimama tumechelewa!"

"Kwani lini hamkuchelewa?"

Filimbi akapeperusha bendera kwa nguvu zaidi. Treni ikaukata mji, ikaingia kwenye mashamba, umati ukabaki nyuma ukipungua ukubwa. Filimbi alitazama hadi wakawa kama siafu. Kisha akaona siafu wamesimama, wamekusanyika, na mmoja mwenye povu ananyoosha mkono kuelekea kilimani.

Simu tena.

"Tunakata kilima!" Shangazi alikuwa anahema kama pampu ya baiskeli. "Mwalimu amepiga hesabu. Reli inazunguka kilima, sisi tunapita katikati. Tutawakuta pale juu, Bi Kikohozi anapozimikaga. Nimebeba sanduku la tiketi kichwani, nauza huku natembea!"

Filimbi aliruka akagonga kichwa kwenye rafu ya mizigo. Bila shaka! Pale juu kileleni, kila siku ya Mungu, Bi Kikohozi huzimika. Abiria wamezoea. Kila mmoja ana nafasi yake ya kusukuma: Mama Nyanya kona ya kushoto ya behewa la nyuma, kinyozi katikati, Mwalimu pembeni akihesabu moja, mbili, tatu, maana mtu wa hesabu hasukumi. Wakimfikisha kwenye mteremko wa upande wa pili, anashuka mwenyewe mpaka injini ishike. Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kinachokula saa nzima ni kuwakusanya, kwa kuwa wakishuka wanatawanyika, huyu kalala kivulini, yule kaenda kuchuma mboga.

Mkaguzi alikuwa anaandika. Filimbi alichungulia. Kwenye kisanduku cha idadi ya abiria alikuwa ameweka moja, kwa penseli.

"Samahani, mkuu. Si mnahesabu wanaoshuka mwisho?"

"Wanaoshuka mwisho," alikubali. "Ndiyo maana nimetumia penseli."

Kituo kidogo cha katikati kilikuwa na mbuzi. Mjomba akapunguza mwendo kwa heshima, mbuzi akatazama kwingine, wakapita.

Mwinuko ukaanza. Filimbi alitoa kichwa dirishani, akisubiri kile kikohozi alichokichukia maisha yake yote. Nguzo ya simu ya kwanza ikapita. Ya pili. Bi Kikohozi alipanda kama binti anayekwenda dansini. Ya tano, ya sita. Hata kuhema hakuhema. Chujio jipya, pampu safi, penzi la wiki mbili: injini ilikuwa nzima.

Filimbi alikimbia mbele hadi kwenye kidirisha kilichoko nyuma ya dereva, akagonga.

"Mjomba! Mzime!"

Mjomba alikuwa anaimba. "Unasemaje?"

"Mzime hapo juu! Abiria wanakuja!"

"Nimzime?" Sauti yake ilipanda hadi mahali ambapo sauti za wanaume hazifiki bila ngazi. "Miaka kumi na tisa nimemwomba asizimike mahali hapa! Nimemwomba kwa upole, nimemwomba kwa nyundo! Leo kasikia, halafu unaniambia nimzime? Msikie anavyopumua! Kama mtoto!"

"Mjomba, tukifika na mtu mmoja, reli zinang'olewa!"

"Siwezi, mwanangu. Mikono inakataa." Na kweli, mikono yake ilikuwa imeshika mpini wa mwendo kama inavyoshikwa mikono ya mgonjwa aliyepona.

Filimbi alirudi behewani. Juu ya mlango ulining'inia mnyororo wa dharura, mwekundu, haujaguswa miaka mingi kwa sababu hakuna aliyewahi kuhitaji kuisimamisha treni ile, ilijisimamisha. Kulia, kwenye kichaka cha kilimani, aliona kilemba cha bluu kikipanda na kushuka, juu yake sanduku la tiketi.

Akivuta sasa, injini itabaki mwinukoni na hakuna binadamu wa kuisukuma. Akichelewa, itateremka upande wa pili na kwaheri. Alizijua nguzo zile kama meno yake. Nguzo ya kumi na moja ndiyo ya kilele. Nane. Tisa. Kama kuna kazi aliyoijua duniani, ilikuwa hii. Kumi. Mbele, kwenye nguzo ya kumi na moja, Bi Kikohozi akainamisha pua kuelekea bondeni.

Alivuta.

Magurudumu yalipiga kelele, muuza magodoro akaangukia bidhaa yake mwenyewe, na Bi Kikohozi, aliyefanyiwa ukatili siku yake ya kwanza ya afya, akatoa kikohozi kimoja cha masikitiko na kuzimika. Kutoka mbele ilisikika sauti ya Mjomba akilia.

Mkaguzi alibonyeza saa yake. "Dharura gani?"

"Abiria wamesahaulika," alisema Filimbi.

Mkaguzi alifungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole. "Moto. Ugonjwa. Mnyama relini. Hiyo haimo."

"Haimo kwa sababu aliyeandika kitabu alikuwa na abiria, mkuu."

Kitu kikatikisika kwenye kona ya mdomo wa mkaguzi, kikatulizwa mara moja.

Kichaka kikapasuka. Wakatoka! Shangazi mbele, anarudisha chenji huku anakimbia. Kinyozi na mteja wake. Mwalimu, povu limekauka usoni. Mama Nyanya na tenga moja, la pili limebebwa na wajomba wawili wa mtu fulani. Nyuma yao mji mzima, wengine kwa viatu visivyofanana.

Filimbi alipuliza filimbi kwa nguvu ambayo babu yake aliisikia kaburini.

"Jamani! Tuna dakika tano! Hakuna kulala! Hakuna mboga! Kila mtu kwenye nafasi yake!"

Walisimama wakimtazama. Dakika tano ni kipimo walichokisikia redioni tu.

"Wakiifuta hii treni," aliongeza, "kesho mtakata kilima hiki kwa miguu, kwenda na kurudi. Na kesho kutwa. Na mimi nitarudi dukani."

"Usirudi dukani," alisema mtu haraka kutoka nyuma. Alikuwa mwenye duka.

Mama Nyanya akakunja mikono ya gauni, akaenda kwenye kona yake ya kushoto. Hiyo ikawa amri. Kila mtu akashika chuma chake.

"Moja!" alianza Mwalimu. "Mbili!"

Treni ikacheza kidogo, ikagoma. Kulikuwa na pengo kwenye ukuta wa migongo. Mkaguzi alikuwa amesimama pale pale, mkoba mkononi.

"Mkaguzi haruhusiwi kusukuma," alisema, kama mtu aliyeulizwa.

"Hatujakuomba, baba," alisema Mama Nyanya. "Ila umesimama kwenye nafasi ya fundi cherehani, na leo anaumwa."

Mkaguzi alitazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka mkoba chini. "Nakagua ubora wa chuma," alitangaza, akaweka viganja viwili juu ya behewa.

"Tatu!"

Bi Kikohozi akateleza. Mjomba akafunga breki ya mkono, Filimbi akahakikisha treni imesimama kabisa, ndipo akafungua milango. Wakapanda kwa dakika moja na nusu, watu ambao kwa kawaida huagana kwa nusu saa kabla ya kukaa. "Achia breki, Mjomba!" Na treni ikaanza kushuka.

Ikashuka bila injini, bila sauti, upepo tu na kelele za watu. Mjomba alijaribu kumshikisha injini. Hakushika. Akajaribu tena, hakushika. Bi Kikohozi alikuwa amenuna. Kasi ikaongezeka. Nyanya zikaanza kusafiri sakafuni kwa hiari yao. Mteja wa kinyozi alipiga kelele kwamba sasa ndipo anyolewe, iishe. Filimbi alizungusha gurudumu la breki ya mkono ya behewa la nyuma, anacheka, hawezi kujizuia, machozi yanamtoka, na kila alipoinua macho aliona behewa zima likicheka naye, mpaka Shangazi, aliyekuwa amekalia sanduku lake akiendelea kukata tiketi.

"Dakika ngapi, mkuu?" Filimbi alipiga kelele.

"Saa mbili na dakika thelathini na sita!" alijibu mkaguzi, tai imemkaa mgongoni.

Kituo cha mwisho kikatokea. Treni ikaingia kimya kama mwizi. Mkuu wa kituo alikuwa anafagia jukwaa, akainua macho, akaona treni, akatazama saa, akaendelea kufagia. Hakuamini vyote viwili. Zilibaki mita hamsini kufika kwenye kizuizi cha mwisho wa reli, breki zimeshika, mwendo umekuwa wa mtu anayetembea. Hapo ndipo Bi Kikohozi alipoamua kusamehe. Injini ikashika, ikakohoa, treni ikaruka mbele kwa furaha.

"Magodoro!" alipiga kelele Filimbi.

Mgeni hakuuliza. Alikuwa na hekima ya mtu aliyeshaona mengi asubuhi moja. Alichupia jukwaani, akakimbia na magodoro mawili, akayasukumiza mbele ya kizuizi, akaruka pembeni. Bi Kikohozi akayabusu, akarudi nyuma shibiri moja, akazimika. Kimya.

"Saa mbili na dakika thelathini na nane," alisema mkaguzi.

Akasimama mlangoni kuhesabu wanaoshuka. Ilichukua muda, kwa sababu kila mmoja alimsalimia kama msukumaji mwenzake. Mwisho alifuta ile moja ya penseli, akaandika kwa kalamu ya wino: themanini na saba.

Mjomba alisogea, kofia mkononi. "Na injini, mkuu? Kuhusu kuzimika..."

Mkaguzi aligeuza fomu mbele na nyuma. "Fomu hainiulizi kama injini ilinguruma." Akapiga mhuri. Kisha, kwa mara ya kwanza, alicheka, kicheko kifupi chenye vumbi, kama kilichotolewa stoo. "Lakini niwaulize jambo moja. Kama treni yenu, wanavyosema abiria, huondoka saa tatu, kwa nini ukutani msiandike saa tatu?"

Walitazamana. Shangazi alimtazama Mjomba, Mjomba akamtazama Filimbi. Miaka yote ile, rangi yote ile.

Jumatatu iliyofuata ukuta ulisomeka SAA TATU KAMILI, kwa bluu. Filimbi alisimama mlangoni saa tatu kasoro dakika mbili, filimbi mdomoni, Bi Kikohozi akikohoa vizuri nyuma yake. Jukwaani alikuwepo muuza magodoro peke yake.

"Wengine wako wapi?"

"Nimewapita wanakunywa chai," alisema. "Mwalimu anasema wamesoma ratiba, wakajumlisha mbili."

Filimbi alishusha pumzi. Kisha akamgeukia Mjomba, akacheka. "Mjomba, piga honi. Ndefu, kama ya siku ile. Halafu usiondoke."

Honi ikalia. Na mji mzima, vikombe mkononi, ukaanza kukimbia.